Panya Msafi

Siku niliyojua kwamba miezi saba ya kazi yangu imeingia maji, nilikuwa nimeshika kipande cha selotepu kilichotoka matakoni mwa panya.

Sitanii. Ndiyo njia inayotumika. Unamshika panya kwa mkia, unamwinua kidogo nyuma, unabandika selotepu pale chini ya mkia, unaibandua, unaibandika kwenye slaidi na kuiweka chini ya hadubini. Ni selotepu ileile ya kufungia zawadi, nilinunua shilingi hamsini duka la kona. Ukiona mayai marefu yaliyopinda upande mmoja kama ndizi, basi, umekwisha. Mimi niliyaona. Nilihesabu kumi na saba nikaacha, kwa sababu panya huyo hakupaswa kuwa na yai hata moja. Alikuwa kundi la kulinganishia. Kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimemwita "safi".

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na nilichotaka kujua hata mama yangu alikielewa mara ya kwanza nilipomweleza kwa simu: mtu akiwa na minyoo na malaria kwa wakati mmoja, mwili unapigana vipi? "Si hivyo ndivyo kila mtu huku alivyo?" akauliza. Sisi ni watu wa Mwea. Mashamba yetu ya mpunga yanalowa maji ya mifereji iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1950, mingine kwa mikono ya wafungwa wa Emajensi, na maji hayo yanatupa pishori, yanatupa mbu, na yanatupa konokono wanaobeba bilhazia. Vyote vitatu kutoka mfereji mmoja.

Lakini binadamu huwezi kumwambukiza makusudi ili uone nini kitatokea. Kwa hiyo panya. Panya arobaini, weusi, wadogo, wote wa ukoo mmoja uitwao C57BL/6, ambao wamezaliana ndugu kwa ndugu tangu miaka ya 1920 mpaka sasa wanafanana kama mapacha. Kumi niliwaacha hivyohivyo. Kumi niliwapa minyoo. Kumi niliwapa malaria ya panya, Plasmodium chabaudi, ambayo haiwezi kukushika wewe msomaji, tulia. Kumi wa mwisho niliwapa vyote viwili, minyoo kwanza, malaria baadaye.

Mnyoo niliyetumia anaitwa Heligmosomoides polygyrus. Ukimwona utamkumbuka: mwekundu, amejiviringa kama springi ya kalamu. Unampa panya lava kama mia mbili kwa sindano butu ya kulishia, zinashuka hadi mwanzo wa utumbo, zinajichimbia ukutani, zinakaa humo kama wiki moja, halafu zinatoka zikiwa minyoo wazima na kuanza maisha. Wanaishi hapo miezi. Na panya? Panya anakula, anakimbia, anazaa. Humwoni akiumwa. Hilo ndilo lililonivutia tangu mwanzo, huo ujirani wa ajabu.

Hapa lazima nieleze kinga kidogo, vumilia. Mwaka wa 1986 watu wawili, Tim Mosmann na Robert Coffman, walionyesha kwamba seli za T za panya, zile zinazoongoza vita mwilini, zinagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza, Th1, inashughulika na adui anayejificha ndani ya seli, mdogo, anayeweza kumezwa na kuchomwa. Kambi ya pili, Th2, inashughulika na adui ambaye hamezeki. Fikiria tu: seli moja itammezaje mnyoo wa sentimita nzima? Haiwezi. Kwa hiyo mwili unatumia mbinu nyingine. Unatoa ute mwingi, unabana na kuachia utumbo, unaita seli zinazoitwa eosinofili, unamsukuma mgeni atoke. Shida ni kwamba kambi hizi mbili hazipatani. Ishara za kemikali zinazoamsha moja zinainyamazisha nyingine. Na juu yao kuna kundi la tatu, seli za T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kusema inatosha, mtaiunguza nyumba.

Mnyoo wangu mwekundu amejifunza lugha ya hao watulizaji. Anatoa protini inayoigiza ishara ya mwili wenyewe ya kutuliza, na mwili unasikia sauti inayofanana na yake, unatii. Mimi hili sikulala siku niliyolisoma. Mnyoo hana ubongo wa kutajika, na anajua neno la siri.

Sasa leta malaria katika mwili huo. Malaria ya damu inahitaji Th1 ije haraka, ije na nguvu, halafu ijue kuondoka. Mwaka wa 2005 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba panya wenye mnyoo huyu, wakipewa chabaudi, kinga yao dhidi ya malaria inadorora na vimelea vinazidi kwenye damu. Wengine waliojaribu kwa namna tofauti walipata picha tofauti. Inategemea aina ya panya, aina ya malaria, nani alitangulia, nani alikaa muda gani. Kuna wakati mnyoo anamponza mwenyeji wake, na kuna wakati utulivu anaouleta ndio unaomwokoa asiuawe na vita vyake mwenyewe. Mimi nilitaka kupima mpangilio wangu mmoja, kitu kidogo, niandike, nimalize, nitafute kazi.

Matokeo yalipoanza kuja yalikuwa uji.

Panya wa malaria peke yake walipaswa kupanda, kufika kilele kama siku ya nane, na kushuka vizuri. Baadhi walifanya hivyo. Wengine walishuka polepole, kama wale wenye minyoo. Kundi safi, ambalo halikupewa chochote, lilikuwa na eosinofili nyingi kwenye damu na ishara za Th2 ambazo hazikuwa na kazi hapo. Niliamini ni mikono yangu. Nikarudia slaidi. Nikarudia hesabu. Nikabadilisha rangi ya Giemsa, nikalaumu maji ya bomba, nikalaumu stima iliyopotea Jumanne ile. Nililia chooni mara mbili, na mara ya tatu niliona aibu nikaenda kununua chai.

Aliyenifungua macho ni mzee anayesafisha vizimba. Amefanya kazi kwenye nyumba ya wanyama miaka mingi kuliko umri wangu. Hana digrii yoyote, na huko ndani kila profesa akikwama humwita yeye. Alinikuta nimekaa chini kwenye korido na daftari.

"Msichana wangu, hao panya wako ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Walitoka mahali pengine, si kwetu, walikuja na karatasi inayosema hawana vimelea.

"Karatasi," akasema. Akanyamaza kidogo. "Wa rafu ya chini wanajiuma mkia. Leta selotepu."

Ndiyo hivyo tulivyofika kwenye yale mayai. Minyoo hao wadogo wanaitwa Syphacia, ndugu wa mbali wa wale wanaowasha watoto matakoni usiku. Hata watoto hupimwa kwa selotepu vilevile. Mayai yao ni mepesi, yanapeperuka na vumbi la maranda, yanashika koti, glavu, mfuniko wa chupa. Panya mmoja tu akiwa nao, subiri rafu nzima. Na kwa panya hawana madhara ya kuonekana. Wanachokozachokoza tu kinga kwa mbali, Th2 kidogo hapa, utulivu kidogo pale. Kwa mtu anayefuga panya kama mapambo si kitu. Kwa mtu anayepima kinga ni kama kujua kwamba mizani yako imekuwa na jiwe ndani tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo sikuwa na kundi safi. Nilikuwa na panya wa minyoo aina moja, panya wa minyoo aina mbili, panya wa minyoo na malaria, na panya wa minyoo, minyoo na malaria. Jaribu kuliandika hilo kwenye kichwa cha tasnifu.

Nitakuwa mkweli. Usiku ule nilifikiria kunyamaza. Aliyejua ni mimi na mzee, na mzee haandiki ripoti. Kuna panya sita wa kundi safi ambao selotepu yao haikuonyesha kitu. Ningewatumia hao sita, niwaache wanne kwa kisingizio fulani, na grafu ingekaa sawa. Niliichora kabisa. Nilifungua laptopu saa nane usiku nikaichora, na ilikuwa nzuri manze, mistari minne iliyoachana vizuri, nyota za takwimu juu. Muda wangu wa usajili ulikuwa unaisha Novemba. Ada ya semesta ya ziada ningeitoa wapi? Mama alikuwa ameshauza gunia mbili za akiba kwa ajili yangu mwaka uliotangulia, na sikuwa na uso wa kumwomba la tatu. Niliihifadhi ile grafu kwa jina "final".

Kilichonizuia si uadilifu. Ningependa kusema ni uadilifu. Ni kitu cha kijinga kilichotokea siku mbili baadaye.

Nilikuwa nahesabu eosinofili kwenye damu ya panya na nikaanza kuwa na wasiwasi kama bado nazitambua. Ukiangalia damu ya wagonjwa kwa miezi, unasahau ya kawaida ikoje. Fundi wa maabara akasema, jichome kidole, angalia yako, hiyo ndiyo ya kawaida. Nikajichoma. Nikapaka, nikakausha, nikatia rangi. Katika seli nyeupe mia, eosinofili huwa chache, tatu, nne, tuseme tano. Nilipata kumi na nne. Zilikuwa zimejaa chembe zao za rangi ya waridi, nzuri ajabu, kila nikisogeza slaidi naona nyingine.

Fundi akaangalia. Akaniangalia mimi. "Wewe kwenu ni wapi?"

Wiki hiyo nilipeleka choo changu kupimwa, kwenye kijikopo nilichokibeba ndani ya mfuko mweusi wa karatasi kama nabeba mandazi. Mayai yalikuwepo. Si mengi. Yai la Schistosoma mansoni huwezi kulikosea: lina mwiba ubavuni, kama mwiba wa waridi. Nilikuwa nimeishi Nairobi miaka sita. Lakini kila Agosti nilikuwa narudi nyumbani kusaidia kupandikiza mpunga, maji ya matope hadi magotini, na hata kama nisingerudi, minyoo hao wanaweza kuishi miaka mingi kwenye mishipa ya damu ya tumbo, dume amemkumbatia jike, wanataga bila kuchoka. Na ni mayai yao hasa yanayovuta kinga upande wa Th2. Hilo nilikuwa nimelifundisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu na kuchora mishale ubaoni, nikiwa nao ndani.

Nilicheka mpaka fundi akashtuka. Kundi la kulinganishia la fundi lilikuwa mimi.

Nikaenda kwa msimamizi wangu na selotepu zote arobaini, nimezipanga kwenye sanduku la slaidi kwa namba. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Aliziangalia kumi na mbili hivi, moja baada ya nyingine, bila kusema neno, halafu akavua miwani.

"Umeshamwambia nani?"

"Wewe."

"Na kama usingeniambia?"

Sikujibu. Nadhani alijua kuhusu grafu, au aliwahi kuwa na yake. Akasema tutaandika barua kwa waliotuletea wanyama, tutatibu nyumba nzima kwa dawa kwenye chakula na maji, na mimi nitaanza upya. Halafu akasema kitu ambacho sikutegemea: usitupe data. Iandike kama ilivyo, sura nzima. Hiyo ndiyo hali halisi.

Wakati ule niliona ananifariji tu. Baadaye nikaanza kusoma na nikaona kuna watu wamejenga kazi nzima juu ya hali hiyohiyo. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya mwenye virusi vya jamii ya herpes, vilivyolala kimya mwilini, akipata minyoo, virusi vinaamka, kwa sababu ishara ileile inayopambana na mnyoo ndiyo inayoviamsha. Mwaka wa 2016 watafiti wa Minnesota walilinganisha panya wa maabara na panya wa duka la wanyama, wale waliopitia kila uchafu. Wakakuta kinga ya panya wa maabara inafanana na ya mtoto mchanga wa binadamu, na ya panya wa dukani inafanana na ya mtu mzima. Waliwaweka kizimba kimoja. Kama mmoja kati ya watano wa maabara alikufa. Waliobaki kinga yao ilikomaa. Mwaka huohuo wengine waliwapa panya maambukizi manne kwa zamu, virusi viwili vya herpes, mafua, na mnyoo mwekundu, huyuhuyu wangu, halafu wakawachanja chanjo ya homa ya manjano. Kingamwili zilizotokea hazikuwa sawa na za panya wasafi.

Hapo ndipo nilipoacha kujihurumia na kuanza kukasirika, lakini hasira ya kazi. Chanjo zinapimwa kwanza kwa panya ambaye hajawahi kukutana na chochote. Halafu zinaletwa kwa mtoto wa Mwea. Au wa Kwale: huko, tangu miaka ya 1990, utafiti ulionyesha kwamba watoto ambao kinga yao ilishakutana na minyoo ya mama tumboni waliitikia BCG tofauti, wakielemea Th2, kuliko wenzao ambao haikukutana nayo. Kwa panya vilevile: mwaka wa 2005 ilionyeshwa kwamba mwenye bilhazia, BCG haimlindi vizuri dhidi ya kifua kikuu. Sisemi chanjo hazifanyi kazi, tafadhali usiende kumwambia shangazi hivyo. Zinafanya, na mtoto apelekwe. Nasema mtoto anayeletwa kliniki si karatasi tupu, na sisi tunaotoka mahali pake tungepaswa kuwa wa kwanza kusema.

Nilipoteza semesta mbili. Ada niliilipa kwa kufundisha tuisheni ya baiolojia Umoja, jioni na Jumamosi, watoto wa kidato cha tatu wanaojua kila kitu kuhusu TikTok. Ile grafu niliifuta, kisha nikaitoa tena kwenye pipa la kompyuta, sijui kwa nini, bado ipo. Panya wapya walikuja na karatasi yao, na mzee akawabandika selotepu mmoja mmoja kabla hata sijafika. Sura yenye panya wachafu iko kwenye tasnifu, sura ya nne. Mtahini wa nje aliuliza maswali mengi juu ya hiyo kuliko juu ya nyingine zote.

Bilhazia nilimeza prazikwanteli, vidonge vikubwa vyenye uchungu unaobaki kwenye meno, nikalala siku nzima.

Nilipokuwa naandika sura hiyo nilimpigia mama. Nilitaka kujua niliugua malaria mara ngapi nikiwa mdogo, nilipata lini minyoo mara ya kwanza, nini kilitangulia nini. Yaani nilitaka kujipanga kwenye kundi.

"Mara ngapi?" akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu magunia, sikuwa nahesabu malaria zako."

Nikamwuliza kama kitindamimba wetu amepewa dawa, kwa sababu nilijua timu ya minyoo ilikuwa inapita shuleni wiki ile. Akasema amepewa leo asubuhi, amesimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu, akapewa vidonge kulingana na kimo, akatema kimoja, mwalimu akamrudishia.

"Nipe niongee naye."

"Hayuko hapa. Ngoja." Nikamsikia akitembea, slipa zake zikipiga, akiita jina lake mara tatu. Kisha akaning'inizia simu hewani, nikasikia watoto wengi wakipiga kelele kwa pamoja, na kitu kizito kikiruka ndani ya maji.